Picha za Nguo Zako

Aline mwanangu,

Umekwenda Cyanzarwe kumuaga shangazi yako, na baba yako yuko uani anaifunga cherehani yako kwa kamba utadhani inataka kumtoroka. Nauli, mzigo, mahali pa kushukia Kigali na nani atakupokea, hayo utayasikia kwake, tena atayarudia mpaka uchoke. Mimi nimeacha sufuria jikoni nikakaa na kalamu. Nakuandikia kwa Kiswahili cha Karagwe, kule nilikosomea utotoni, maana Kinyarwanda changu cha kuandika unakijua, huwa unakisahihisha huku unacheka.

Nilitaka kukuandikia maneno ya kukupa moyo. Nimeyaanza, nikayachana. Kila nikiandika kwamba najivunia mtoto wangu aliyepata kazi katika atoliye ya ushonaji, uso unaniwaka, kwa sababu ulitakiwa uwe umekwenda mwaka jana. Unajua kwa nini hukwenda. Lakini umeyajua vipande vipande, vingine kwangu, vingine kwa watu, na sijawahi kukaa nikakueleza tangu mwanzo. Nataka uondoke umeyasikia yote kutoka kwangu.

Unaikumbuka simu yetu ilivyokuwa ikitumika. Mchana ilikuwa yangu, nakwenda nayo ufukweni ninakouza isambaza, dagaa wa ziwani, na wateja wananitumia sauti zao za kuagiza dagaa. Jioni ilikuwa yako. Kila gauni ulilomaliza kushona ulilitundika kwenye mlango wa bluu wa uani, ukalipiga picha kabla mwenyewe hajaja kulichukua. Kisha unakuja kunionyesha, nami natazama huku nageuza samaki kwenye mafuta. Nikisema "zuri" bila kutazama, ulikuwa unajua. Ulikuwa unanirudishia simu mbele ya macho na kusema, "Mama, angalia kola."

Simu ilikuwa nzee na ndogo ndani. Kwa wiki nyingi ilikuwa inaandika kwamba memori imejaa, nami naifungia macho. Asubuhi moja mteja wangu wa mgahawa akanitumia sauti ya kuagiza samaki wa harusi, na ile sauti ikakataa kufunguka. Nikabonyeza, nikabonyeza. Samaki wamefika, jua linapanda, mimi sijui mteja anataka kiasi gani. Muuzaji mwenzangu akaniambia, "Futa mapicha, Mama Aline. Mapicha ndiyo inajaza simu."

Nikakaa juu ya beseni nililoligeuza, nikaanza kufuta.

Picha zako zilikuwa mahali pamoja. Ulizipanga mwenyewe na juu yake uliandika "Nguo". Wewe ulidhani nilizifuta bila kuziona, na siku nilipokiri nilikuacha udhani hivyo. Aline, niliziona. Nilifungua. Nikaliona lile gauni la kijani lenye mikono mipana, nikaiona suti ya mwalimu uliyoifumua mara tatu, nikaona sare za watoto wa ubatizo. Nikasema moyoni: hizi ni nguo tu, wenyewe wameshazichukua, atapiga nyingine. Chini yake zilikuwa video za kwaya yetu. Nikagusa moja, nikajiona nimesimama mbele naanzisha wimbo, nikaitazama mpaka mwisho na samaki wananingoja. Nikaiacha. Nikaziacha zote za kwaya. Nikarudi kwenye nguo zako, nikachagua zote, nikafuta.

Simu bado ikasema imejaa. Mwenzangu akasema, "Inaenda kwanza mu pipa. Mwaga na pipa." Nikatafuta pipa la simu, likaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Ile sauti ikafunguka, nikauza samaki, na nikarudi nyumbani naimba.

Nimejiuliza sana kwa nini niliacha zangu. Nakwambia ninavyofikiri, usichukue kama kisingizio. Tulipofika hapa kutoka Karagwe nilikuwa msichana mkubwa, na kila nilipofungua mdomo watoto wa hapa walikuwa wananiigiza. Kinyarwanda changu kilikuwa na ladha ya Kiswahili, Kiswahili changu kilikuwa cha kitabu. Nilijifunza kusema haraka, kusema wa kwanza, kumtupia mwenzangu kabla hajanitupia mimi. Kwaya ndipo mahali pa kwanza ambapo watu walinyamaza wakanisikiliza. Ile video ndiyo mara ya kwanza nilijiona kwa macho yangu nikiwa mtu wa hapa. Sikuwa tayari kuifuta. Zako nilikuwa tayari.

Halafu, kabla hujamaliza gauni jingine, ikaja simu kutoka Kigali. Mwenye atoliye alikuwa ameona gauni moja uliloshona, akauliza ni kazi ya nani, na sasa anataka kuona picha za kazi zako nyingine, nyingi iwezekanavyo, kabla wiki haijaisha. Ulirukaruka uani. Ulimkumbatia baba yako. Ukachukua simu mkononi mwangu na mimi hata sikukumbuka, Mungu ananiona, nilikuwa nacheka pamoja nawe. Nilikumbuka pale ulipoacha kucheka.

"Mama, nguo zangu ziko wapi?"

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Badala yake mdomo wangu ukafanya ulichozoea, ukasema wa kwanza. "Si ile simu ilikuwa kwa Papa Divine juzi? Ni yeye huyo. Amezifuta wakati anatengeneza."

Papa Divine, fundi wa simu wa Mbugangari, mtu mzima mwenye mke na watoto. Alikuwa amenibadilishia pale pa kuchajia tu. Jina lake lilinijia kwa sababu lilikuwa karibu, kama mtu anayeokota jiwe lililo mguuni pake.

Ulitoka bila viatu. Mimi nikakufuata, na njia nzima nilikuwa najiambia nitakuzuia tukifika kwenye kona, nitakuzuia tukifika kwenye duka la mkaa. Tukafika kibandani kwake. Kulikuwa na wateja watatu au wanne, na binti yake Divine alikuwa amekaa kwenye kigoda anafanya kazi ya shule. Ukamwambia amekuharibia maisha. Ukamwita mtu asiye na maana. Yeye aliweka bisibisi chini polepole.

"Mutoto wangu, mi sikugusa mapicha. Nilibadilisha tu pa kuchajia, basi. Mama yako anajua, alikuwa anasimama hapa."

Akanitazama. Wewe ukanitazama. Nami nikasema, "Sisi tulikuletea simu ina picha, tukairudisha haina." Nilisema "sisi", Aline. Nilikuchukua wewe nikakuweka ndani ya uongo wangu.

Mteja mmoja akachukua simu yake mezani na kusema atarudi kesho. Divine alikuwa ameshika kalamu, haandiki.

Kesho yake Papa Divine alikuja kwetu na kompyuta yake ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ya mvua. Hakuja kugombana. Alisema anataka kujaribu kama picha zinaweza kurudi, na hatatuomba kitu. Akaunganisha simu, akakaa nayo muda mrefu pale sebuleni, wewe umesimama nyuma ya bega lake umekunja mikono. Mwisho akasema, "Bon. Haiko tena. Zilifutwa, kisha na pipa likamwagwa."

"Nani alimwaga?" ukamuuliza.

Aliinua macho, akaniangalia mimi niliyekuwa nimeshika kikombe cha chai yake. Hakuniangalia sana. Lakini alijua, na nilijua kwamba amejua. Baada ya kutoka kwake simu ilishikwa na mimi na wewe tu, wewe usingefuta kazi zako, na pipa halijimwagi.

"Simu ya zamani," akasema. "Saa ingine inafanya vitu, mutu hajui."

Nikampa chai na nikamwambia asante. Neno hilo "asante" ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo. Mtu niliyemchafulia jina alinifunika mbele ya mtoto wangu ndani ya nyumba yangu, nami nikapokea, kama mtu anayepokea chenji.

Ulituma Kigali picha mbili ulizozipata kwa rafiki yako, zenye ukungu. Wakamchukua mtu mwingine. Ukarudi kwenye cherehani yako.

Nilingoja yapite. Watu wanasahau, nilijiambia. Lakini ufukweni mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalisimulia hilo la Papa Divine, tena kwa kuongeza chumvi, na wanawake wa isambaza wana simu na wana midomo. Kibandani kwa Papa Divine nilikuwa napita naona ameegemea mlango, mikono mitupu. Divine, ambaye zamani alikuwa anakuja kununua dagaa kwangu na kuniambia "Mama Aline, niongezee kidogo", alianza kupita upande wa pili wa barabara. Mtoto wa umri ule, anavuka barabara ili asinisalimie. Na alikuwa na haki.

Ningenyamaza hata leo, nakwambia ukweli. Kilichonivunja ni wewe. Siku ile ulikuja kunisaidia kuuza, na mama mmoja mgeni akauliza ni wapi anaweza kutengeneza kioo cha simu. Ukamjibu kwa upole, kama unavyojibu watu wakubwa: "Mama, usipeleke kwa yule wa pale juu. Anafutaga vitu vya watu. Sitaki yakupate kama mimi." Hukuwa na chuki usoni. Ulikuwa unamsaidia. Uongo wangu ulitoka mdomoni mwako ukiwa msafi kabisa, na nikaona kwamba utaishi nao, utawafundisha watoto wako kwamba iliwahi kutokea.

Nikakwambia njiani tukirudi, tumebeba beseni wewe upande huu na mimi upande ule. Nilisema, "Aline, ni mimi niliyezifuta." Uliachia upande wako. Samaki waliobaki wakamwagika vumbini. Nilidhani utalia. Ukasema kwa sauti ndogo, "Ungeniambia siku ile ile, ningelia, yangeisha. Sasa nimemtukana mtu mzima mbele ya mtoto wake."

Kisha ukaniacha nikiokota samaki peke yangu. Niliwaoshea nyumbani, na hakuna aliyewala.

Nilitaka kwenda kwa Papa Divine peke yangu, kwa siri, jioni kibanda kikiwa tupu. Ni wewe uliyekataa. Ulisema ulimtukana mchana, basi utaomba msamaha mchana. Ukapiga magoti mbele yake pale barabarani, binti yangu, kwa kosa ambalo halikuwa lako. Alikuinua haraka. Wewe hakukulaumu. Mimi ndiye aliyenigeukia.

"Mama Aline, ile siku kwako, juu ya nini nilinyamaza, unajua?"

Nikasema alinihurumia.

"Hapana. Nilifikiri utasema we mwenyewe. Nilisema, nimupe nafasi, kesho atamuambia mutoto, na kesho kutwa atakuja hapa. Nikangoja. Mi nilikuwa nakungojea, mama. Kila asubuhi nafungua hapa, nasema, labda leo."

Nilisema nimekosa, nisamehe. Akasema, "Kwangu umesema. Bon. Lakini mi si ndiye uliniambia uongo. Nenda pale ulisemea."

Nikaenda ufukweni asubuhi, mitumbwi ikiwa imefika na wote wako pale. Nilisimama kati ya mabeseni nikasema kwamba Papa Divine hakufuta kitu, ni mimi, na nilimsingizia. Sauti yangu, ile inayoanzisha nyimbo kanisani, haikutoka. Ilibidi nirudie. Mmoja alicheka. Mwingine akasema, "Yewe, mbona unajiaibisha, si yameshaisha?" Na mwenzangu aliyenionyesha pipa akanitazama kwa namna ambayo nilifahamu kwamba tangu mwanzo alikuwa anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha, na alikuwa anangoja tu kuona mimi ni mtu wa aina gani.

Wateja wa Papa Divine hawakurudi wote. Kuna waliokuwa wameshazoea fundi mwingine. Nilikuwa nadhani nikisema ukweli vitu vitarudi mahali pake, lakini maneno mabaya niliyasema mara nyingi kwa watu wengi, na mazuri niliyasema mara moja kwa waliokuwepo. Mpaka leo nikisikia mtu anataja fundi wa simu mahali popote, sokoni, kwenye basi, nje ya kanisa, mimi hueleza. Baba yako anasema nimekuwa kama mwendawazimu. Acha niwe.

Halafu tukaanza kuzitafuta zile nguo, mimi na wewe, ukiwa bado huongei nami ila kwa lazima. Tulikwenda mlango kwa mlango. Gauni la kijani tulilikuta limekatwa, limekuwa kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni, na mwenyewe akaona aibu kutuonyesha. Wewe ulimwambia kushona kwako kumedumu mpaka huko, na ukampiga picha na mtoto wake. Mwalimu alivaa suti yake akasimama ubaoni. Wengine walikuwa wamehama, wengine walivuka mpaka na hawajarudi. Mwanamke mmoja alitufungia mlango: yeye alikuwa mteja wa Papa Divine. Tulipata chache. Hizo ndizo ulizozituma mwaka huu, wakakuita. Watu wakinipongeza kwamba nilizunguka nawe, natamani kuziba masikio. Nilikuwa natafuta nilichokitupa.

Na kuna jambo moja hulijui kabisa. Baada ya yote nilirudi kwa Papa Divine na ile simu, kwa sababu ilikuwa imejaa tena. Sikutaka kugusa kitu bila kujua. Nilimwomba anifundishe, akanifundisha kama anavyomfundisha mteja yeyote. Alinionyesha mahali simu inapoeleza kitu gani kinakula nafasi, kubwa juu, ndogo chini. Video za kwaya zilikuwa juu kabisa. Moja ilikuwa imejirudia mara nne, kwa sababu kila grupu lilinitumia na mimi nikaiweka. Chini yake zilikuwa video za kuchekesha, za salamu za asubuhi, za harusi za watu nisiowajua. Nikamuuliza, picha za nguo za Aline zingekuwa wapi hapa?

Alifikiri kidogo, akaweka kidole chini kabisa mwa kioo. "Hapa. Picha ni kitu kidogo, mama. Zote za mutoto hazifike hata video mbili za hii kwaya."

Kwa hiyo hata nafasi yenyewe nisingeikosa. Ningefuta wimbo mmoja tu, ule uliojirudia, nikasikia mteja wangu, na wewe ukaenda Kigali. Papa Divine akanisogezea kigoda cha Divine.

Mwanangu, sina cha kukufundisha kuhusu kazi yako, unaijua kuliko mimi. Lakini huko utakuta siku ambayo umekata kitambaa cha mtu vibaya, na mwenye atoliye anauliza ni nani, na jina la mwenzako liko karibu na ulimi. Nakujua, wewe una moyo wa baba yako, labda hutapata shida. Ila mdomo wangu nao umo ndani yako, nimewahi kuusikia. Siku hiyo utakuwa na pumzi moja tu kabla ya kujibu. Mimi yangu niliitumia vibaya, ndiyo maana naujua urefu wake.

Jana ulinirudishia simu. Ulisema, "Mama, nimekusafishia, sasa ina nafasi," ukaenda kupanga nguo zako. Niliifungua baadaye. Kwaya yangu ipo, wimbo mmoja mmoja, haujirudii. Sauti za wateja zipo. Vyako havipo hata kimoja. Umehamisha vyote kwenye kadi ya memori uliyoishonea mfuko mdogo ndani ya mkoba wako. Nimetafuta kila mahali, hata kwenye pipa. Sijui kama ulifanya hivyo ili kunipa nafasi, au kwa sababu hutaki tena kitu chako kilale mkononi mwangu. Sitakuuliza. Una haki ya yote mawili.

Nasikia baba yako anakuita, kumbe umerudi, na sauti yako uani imechangamka. Nimalizie hapa kabla hujaingia jikoni.

Ukishona nguo yako ya kwanza huko, itundike mahali penye mwanga. Kama moyo utapenda, nitumie picha. Kama hautapenda, nitaelewa. Lakini ikija, nitaacha samaki waungue, nitaangalia kola.

Mama yako